Magongo ya Kijani

Jambo la kwanza nililofundishwa kwenye staji yangu ni kwamba sitavaa suruali. Nilikuwa nimetoka Lubumbashi na kibegi changu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa elimu ya viungo na michezo, nimekariri misuli yote ya paja kwa Kifaransa, nimevaa treningi ya buluu aliyonishonea mama. Mkuu wa ukumbi akaniangalia kutoka viatu mpaka nywele, akasema, «Situayeni, ile suruali uivue. Vijana ya Chama bakikuona ku barabara batakuvua benyewe.»

Zilikuwa zile zama za kurudi kwenye uasili. Mwanamume asifunge tai, mwanamke asivae suruali wala nywele za bandia, na wote tuitane situayeni, yaani raia. Basi mimi, niliyetumwa kufundisha watu kukunja magoti, nilifundisha nimejifunga kitenge. Kila nikichuchumaa nilishika pindo kwa mkono mmoja. Jaribu wewe. Jaribu kumwonyesha mwanamume mzima namna ya kusimama kwa mguu mmoja huku unaogopa kitenge kisije kikafunguka, halafu uje unihubirie habari za heshima ya mwanamke wa Kiafrika.

Staji ni ile miezi ambayo mwanafunzi anatolewa darasani anapelekwa mahali pa kazi, afanye kazi kweli, apewe alama. Wavulana wa darasa letu walipelekwa kwenye timu za mpira. Na mimi niliomba timu. Nikaambiwa mpira ni wa wanaume, nikatupwa Likasi, kwenye ukumbi wa kunyoosha viungo uliokuwa nyuma ya hospitali ya Kampuni. Nasema Kampuni tu, kama sote tulivyosema. Ilikuwa ya serikali, na mjini hapakuwa na nyingine ya kuichanganya nayo.

Nilifika nimenuna. Nilinuna kwa mkuu wa ukumbi, nilinuna mpaka kwa mama mdogo wangu, mdogo wake mama, aliyenipa kitanda kwake mtaa wa Kikula na kunilisha samaki wakavu aliokuwa akiuza sokoni. «Weye kama unakasirika paka hivi ku mwanzo,» aliniambia, «ku mwisho utakasirika na nini?» Alidhani ananitania.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba kirefu cha matofali, kina mabenchi, mifuko ya mchanga ya kufunga miguuni, na ngazi ya mbao iliyopigiliwa ukutani. Wagonjwa walikuwa wafanyakazi wa kiwandani: huyu mgongo, yule bega, yule kifundo cha mguu. Walikuja asubuhi wakiburura magongo yao, wakayaegemeza ukutani, wakaanza kuteseka. Mazoezi ya kurudisha kiungo yanauma, asikudanganye mtu. Ili maumivu yapite walikuwa wanaimba. Wazee wao walikuwa wametandika reli, na nyimbo za kunyanyua reli walizijua toka utotoni: mmoja anaita, wengine wanajibu, na kwenye jibu ndipo mnapotoa nguvu zote pamoja. Mimi sikuwafundisha hilo, nililikuta. Mmoja aliita, wengine wakajibu huku wakikunja magoti kwa mstari, wote mara moja, jasho linawatoka. Chuoni hakuna aliyewahi kuniambia kwamba wimbo unaweza kumfanya mtu akunje goti mahali ambapo daktari amekata tamaa.

Aliyekuwa anaita alikuwa dereva wa kreni. Mtu mrefu, mwenye sauti ya padri na mdomo wa muuza nguo. Kazi yake ilikuwa juu: alikaa kwenye kijumba cha chuma karibu na paa la kiwanda, akiendesha kreni iliyokuwa ikiinua mabamba ya shaba kutoka kwenye mabirika ya asidi. Siku aliyoumia alikuwa ameshuka kunywa maji, mabamba yaliyorundikwa yakateleza, moja likampiga goti. Goti lilishonwa. Sasa lilitakiwa likunjike tena na limbebe, kwa sababu kufika kwenye kile kijumba kuna ngazi ya chuma iliyosimama wima, ndefu, na kreni haiendeshwi kutoka chini.

Nataka hili lieleweke vizuri. Mguu ukikataa ngazi, kazi hakuna. Kazi ikiisha, nyumba ya Kampuni inachukuliwa, unga wa kila mwezi, ile posho, unakatika, watoto wanatolewa kwenye shule ya Kampuni, na hospitali yenyewe haikujui tena. Mke, watoto, na mama yake aliyekuwa haoni vizuri, wote walikuwa wamekaa juu ya goti lile.

«Mama,» alikuwa akiniita hivyo ingawa angeweza kunizaa, «hii goti iko na kichwa yake. Minye nasema panda, yeye inasema ngoja kwanza.»

«Mwambie mimi sina simile, Baba.»

Tulipanda ngazi ya ukutani pole pole. Kwanza kipago cha chini, kushuka, kupumzika. Kisha cha pili. Daktari wa Kampuni alipita siku moja, mtu wa maneno machache na miwani mizito, akalishika lile goti, akalikunja, akalisikiliza kwa vidole. Akasema linakwenda vizuri sana, ila lisiharakishwe. Asitembee bila gongo, asiruke, asibebe kitu. Mvua zikianza, ndipo tutajaribu ngazi ya kiwandani. Niliyasikia kwa masikio yangu mawili, na mkuu wa ukumbi aliyasikia, alikuwa amesimama pale pale akitikisa kichwa kukubali. Tulikuwa mwisho wa kiangazi. Tulichokuwa tunahitaji ni muda mfupi tu.

Sasa sikia upumbavu ulioingia kwa mlango.

Siku hizo kila ofisi, kila shule, kila kiwanda kilitakiwa kuwa na kikundi cha animasyo, yaani watu wa kumwimbia na kumchezea Kiongozi wa nchi. Makarani walicheza, walimu walicheza, watu wazima wenye wajukuu walikatika viuno uwanjani wakisifu jina moja. Na mgeni mkubwa alikuwa anakuja kutoka Kinshasa. Mkuu wa animasyo wa Kampuni, bwana mmoja mnene aliyevaa abakosti, lile koti lisilofungwa tai, lenye beji ya Kiongozi kifuani, alikuwa anahangaika maana makarani wake walikuwa hawajui hata kupiga makofi pamoja. Asubuhi moja alikuwa akipita nyuma ya hospitali akasikia wimbo. Akachungulia dirishani. Akaona wanaume kwa mstari, wanaimba, wanaitikia, wanakunja magoti wote kwa mpigo mmoja.

Akaingia anacheka. Alidhani tumejificha tunafanya mazoezi ya animasyo ili tuwashinde watu wake. «Munajificha!» akasema, anamnyooshea kidole mkuu wa ukumbi. «Nyinyi muko na kikundi kizuri namna hii, munanyamaza!»

Hapo ndipo mkuu wangu alipaswa kusema neno moja, hawa ni wagonjwa. Neno moja tu. Nilimtazama, nikalisubiri. Alikuwa mtu aliyewahi kucheza mpira, mabega mapana, na kumbe ndani hamna kitu. Alifyata mkia, akasema, «Tulitaka kufanya surprise, Situayeni.»

Nikasema mimi. Nikasema hawa ni wagonjwa, huyu ana goti lililoshonwa, yule ana mgongo. Yule bwana akageuka, akaniona, kisha akayaona magongo ukutani. Nilidhani ameelewa. Kumbe magongo ndiyo yalimmaliza kabisa. Macho yalimng'aa. Akasema vizuri zaidi! Watatoka na magongo, wamejikunja, wanalia. Jina la Kiongozi likitajwa, wanayatupa magongo chini, wanaruka, wanacheza. Taifa lilikuwa kilema, Kiongozi ameliponya. Magongo yapakwe kijani, rangi ya Chama.

Nilimfuata mkuu wa ukumbi kwenye kichumba chake, nikamwambia aende akakatae. Akaniambia mimi ni mustajiere, mwanafunzi tu wa staji, niko hapa kujifunza. Nikamuuliza kujifunza nini. Akaniambia alama zangu ziko mkononi mwake, kisha akanibembeleza, akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, eti mimi ni msichana mwerevu, nina maisha mbele. Nikaenda kwa daktari. Alivua miwani, akaifuta, akaniambia hilo si jambo la hospitali.

Jioni nikamfuata dereva wa kreni kwake, kwenye nyumba za Kampuni. Nikamwambia akatae, nitasimama naye. Mke wake alikuwa anasonga bukari, akaacha mwiko.

«Mwanangu,» akasema yule mzee, na siku hiyo hakuniita mama, «weye utarudia ku Lubumbashi. Minye niko na hii nyumba. Niko na batoto. Nikikatala kucheza, kesho beko hapa na mutu mwengine mwenye kuingia na kitanda yake. Acha nicheze.»

«Goti litaharibika.»

«Pengine litaharibika. Nyumba itachukuliwa kweli.»

Nilichoweza ni kumfundisha kuanguka. Siku zote zilizobaki, badala ya ngazi, nilimfundisha namna ya kuruka kwa mguu mzima na kutua kwa mguu mzima, huku ule mwingine ukigusa chini kidogo tu, kwa uongo. Nilimfunga bendeji ndefu chini ya suruali. Wengine nao niliwatafutia uongo wao, wa mgongo hivi, wa bega vile. Hiyo ndiyo sayansi niliyofanya Likasi: kuwafundisha wagonjwa kuigiza wagonjwa wanaopona, bila kuwaumiza zaidi. Nani atanipa alama kwa hilo?

Siku ya mgeni, watu walikaa uwanjani juani toka asubuhi. Wanafunzi walisimama na vibendera vyao, kina mama walivaa vitenge vyenye sura ya Kiongozi, sura yake kifuani, sura yake matakoni. Mbele kwenye jukwaa kiliwekwa kiti kikubwa cha mgeni, kimetandikwa kitambaa cha madoadoa ya chui. Saa zikapita. Watoto walianza kuanguka kwa kiu. Mchana ukiwa umegeuka, habari ikafika kwamba mgeni amechoka na safari, atapumzika, atatusamehe. Atatusamehe sisi!

Nikadhani tutaachiliwa. Lakini ratiba ni ratiba. Mkuu wa animasyo akasimama mbele ya kile kiti kitupu, akakiinamia, akatoa ishara, na ngoma zikaanza. Tulikichezea kiti. Mji mzima, kutoka Kikula mpaka nyumba za wazungu wa zamani, ulikaa unatazama wanaume wenye magongo ya kijani wakijiburura mbele ya kiti.

Dereva wa kreni aliita, ule wimbo wa reli, maneno yake yamegeuzwa kuwa ya sifa. Jina likatajwa, magongo yakaruka hewani yakaanguka, wanaume wakaruka. Mara ya kwanza alitua vizuri, kama tulivyofanya mazoezini. Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Na kwa sababu ulilipuka, yule bwana mnene akaonyesha kwa mkono: tena. Wakaruka tena. Tena. Nikaona mguu wa uongo umeanza kubeba kweli. Nilimwona usoni. Alikuwa bado anaimba, sauti haikutetemeka, lakini macho yake yalikuwa yamekwenda mbali sana. Daktari wa Kampuni alikuwa jukwaani, mstari wa nyuma ya kile kiti. Alipiga makofi kama wengine.

Jumatatu wote waliitwa. Wa mgongo, wa bega, wa kifundo, wote. Waliambiwa wamepona, warudi kazini. Dereva wa kreni alikuja na goti limevimba, na gongo hana, maana magongo yalikuwa yamekusanywa kama mali ya Chama. Akaambiwa na yeye: kreni.

Nilimkamata daktari kwenye korido ya hospitali, mbele ya watu. Nikamwambia juzi ulisema mpaka mvua zianze. Juzi ulisema asiruke.

«Hiyo ilikuwa mbele ya siku ya uwanja,» akasema kwa sauti ya chini. «Mji wote ulimuona. Alitupa gongo, akaruka. Kwa jina la nani? Unataka niandike kama ile jina haikumuponyesha? Sema weye, kama uko na nguvu.»

Nikasema. Nikasema kwa sauti ile ile niliyokuwa natumia kuhesabia mazoezi, hajapona. Goti lake halijapona, na hakuna jina litakaloliponya. Mwuguzi mmoja aliweka sinia chini, akatoka. Mkuu wa ukumbi akanishika mkono, akanivuta nje kama mbuzi wa sokoni, akaninong'oneza kwenye sikio, «Unataka kulala Buluo?» Gereza la Buluo si mbali na pale, na watu walikuwa wanaingia kwa maneno machache kuliko hayo. Sikuingia. Nadhani alinikingia kifua kwa kuwa angeulizwa yeye kwanza. Simshukuru.

Dereva wa kreni alipanda ngazi ya kiwandani. Wenzake walinisimulia kwamba alipanda vizuri, kwa mikono zaidi kuliko miguu, akafanya kazi yake zamu nzima. Kushuka ndiko kulimshinda. Goti lilikataa katikati, akaachia. Hakufa. Goti lilifunguka lote, ile kazi yote ya kiangazi na ile ya daktari aliyelishona, yote. Na Kampuni ikasema hii si ajali ya zamani iliyorudi, kwa kuwa ya zamani ilipona mbele ya watu wote. Hii ni uzembe wa mtu mzima kwenye ngazi. Kwa hiyo hakuna cha fidia. Nyumba iachwe mwisho wa mwezi.

Alipokwenda hospitali kuomba gongo la kutembelea, akaambiwa waliopona hawapewi magongo.

Hapo nilifanya kitu ambacho sijawahi kukijutia hata kidogo. Vifaa vya animasyo vilikuwa vimewekwa kwenye banda nyuma ya ofisi ya Chama, na mlinzi wa pale alikuwa mteja wa samaki wa mama mdogo. Mama mdogo alisimama naye mlangoni mchana kweupe, wanabishana bei ya samaki aliyemkopesha kwa makusudi, mimi nikapita ndani. Nilichagua gongo refu kuliko yote, nikalifunga ubavuni, juu yake nikajifunga kitenge. Nikatembea Likasi nzima nikichechemea kama bibi harusi mwenye jipu. Kile kitenge kilichoniudhi miezi yote kilifanya kazi moja nzuri. Ukiniuliza kama ni wizi, nitakuuliza hospitali iliibiwa na nani kwanza.

Nilimkuta yeye na mkewe wanatoa vyombo nje. Mama yake alikuwa amekaa kwenye sanduku. Nilipolitoa gongo kwenye kitenge, yule mzee alicheka mpaka akashika ukuta. «Hii rangi itatoka?» akauliza. Nikamwambia itatoka.

Siku ya kufunga staji, mkuu wa ukumbi alisimama mbele ya profesa wangu aliyekuja kutoka chuoni. Akasema huyu msichana anastahili alama ya juu kabisa, kwa sababu katika miezi yake wagonjwa wote wa ukumbi walipona. Hakukuwa na hata mmoja aliyebaki. Profesa akanipongeza, akanipa mkono. Niliutazama ule mkono. Nikasema wagonjwa hawajapona, wamefukuzwa ukumbini. Profesa akacheka kidogo, akamwambia mkuu wa ukumbi kwamba vijana wa siku hizi wana mzaha. Alama ikabaki vile vile. Niliajiriwa kwa alama ile, na kila walipoisoma kwa sauti nilitamani kumtia mtu kofi.

Nilirudi Likasi baada ya miaka mingi, Kampuni yenyewe ikiwa inakufa, marufuku ya suruali imekwisha bila mtu kuomba radhi. Nilimkuta dereva wa kreni Kikula, kando ya meza ya mama mdogo wangu, anauza betri na tambi za taa. Gongo lilikuwa limeegemea ukuta. Pale anaposhika, rangi ilikuwa imeisha. Chini ilikuwa bado kijani.

«Balisema nilipona,» aliniambia. «Minye niko nangoja paka muguu isikie habari.»

Tulicheka wote watatu, mama mdogo akafuta macho kwa kitenge. Halafu nikapiga magoti pale kwenye vumbi, nimevaa suruali yangu, nikalishika goti lake kwa mikono miwili kama zamani, nikajaribu kulikunja. Halikukunjika hata kidogo. Lilikuwa limeganda moja kwa moja, mfupa na mfupa. Yeye akaanza kuita ule wimbo wa reli, kwa sauti ya chini, kunisaidia, na mimi niliendelea kulishika nikijibu, ingawa nilijua. Mvua zilikuwa karibu kuanza. Ndizo tulizokuwa tumeomba zisubiriwe, kabla ya ile ngazi.